Panua Msingi, Shangazi

Kibosho,
8 Machi 1992

Ronald baba,

Marahaba. Nakuitikia mapema kwa sababu najua shikamoo yako iko njiani, na barua za Dar siku hizi zinakuja kwa miguu. Sisi wa nyumbani ni wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Ng'ombe amezaa dume, basi maziwa ya kesho hayapo. Kaburi la marehemu baba yako nimelipalilia, na nyumba yake bado imesimama, ingawa inavuja kila mahali isipokuwa pale ninapoweka ndoo.

Kahawa tulipeleka chama cha ushirika toka Oktoba. Malipo ya kwanza tulipata, ya pili tunayasikia tu. Pesa imekauka kijiji kizima. Jirani yetu Kornelia ana maziwa hana chumvi, mwenye duka ana chumvi hana wateja, na mimi nina mbege lakini wanywaji hawana senti. Wana mikono tu. Basi nimeanzisha kadi. Nimekata maboksi ya sabuni vipande mia moja, nikavigonga mhuri wa marehemu mume wangu wa enzi za ukarani wake, ule ulioandikwa IMEPOKELEWA. Si unakumbuka shemeji zangu wa Uru walibaki na shamba, nami nikarudi na sanduku na mhuri. Kadi moja ni kata moja ya mbege, Jumapili yoyote baada ya misa ya kwanza. Anayenilimia siku nzima nampa kadi tano. Kwa wiki napika pipa moja, ambalo ni kata mia, na kadi ni mia. Nimeona hesabu ikae hivyo.

Sasa lile jambo. Mwaka wa ishirini na moja huu nalala jikoni kwa kaka yangu, mimi na moshi. Naomba kile kipande cha chini, karibu na mfereji, nijenge chumba kimoja changu kabla sijafa. Kihamba, shamba hili la ukoo, ni chako, na mimi mtoto wa kike wa nyumba hii siwezi kuchimba hata shimo la mgomba pasipo neno lako. Nilikuomba Krismasi ya mwaka juzi ukasema utafikiri. Nadhani umeshafikiri.

Ni mimi shangazi yako,
Mektrida

---

Dar es Salaam,
11 Aprili 1992

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi ya ofisi, unisamehe, ndiyo iliyo karibu. Violet anakuamkia, watoto wanakuamkia, joto la hapa nalo lingekuamkia kama lingeweza.

Habari ya kadi zako imenifurahisha mno hata nimemsomea mkuu wangu wa idara. Bila kujua, Shangazi, umekuwa benki kuu. Wewe ndiwe mwenye mhuri, mbege ni dhahabu iliyo ghalani, na kadi ni noti. Wataalamu wanakaa miaka vyuoni kujifunza ulichokifanya kwa mkasi na boksi la sabuni. Ninaandaa mada kwa ajili ya semina ya Septemba na nimeamua kukuingiza humo kama mfano wa uchumi mdogo unaojitegemea. Tafadhali niandikie kila wiki kadi ngapi zimetoka na ngapi zimerudi.

Mvua za huko vipi? Nasikia ni nyingi.

Mwanao,
Ronald

---

Kibosho,
17 Mei 1992

Ronald baba,

Mvua ni nyingi kweli, asante kwa kuuliza. Nimepata barua yako na nimeisoma mara tatu nikitafuta kipande cha chini. Sikukiona. Labda kilidondoka pale posta.

Kadi zimekuwa na miguu. Kornelia anauza maziwa kwa kadi. Mwenye duka anapokea kadi kwa chumvi, halafu Jumapili anakuja kunywa chumvi yake. Hata katekista Fabian amekuta kadi tatu kwenye kapu la sadaka. Akamuuliza padre, padre akasema sadaka ni sadaka, akazitumia kumlipa aliyeziba paa la sakristia.

Shida iliyopo ni kwamba zimeanza kupotea. Watu hawaleti tena. Kila mmoja anaficha zake chini ya godoro akingoja arusi au kipaimara, na mbege yangu inachacha kwenye pipa. Kornelia amerudi kulalamika kwamba maziwa hayatoki. Tumerudi kulekule kwa Machi, tofauti ni kwamba sasa tunazo kadi za kukosa pamoja na pesa. Wewe mwenye elimu, mtu akifika hapo anafanyaje?

Pili, na hili ni dogo sana: kile kipande. Chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Hata ukisema hapana nitakuelewa, bora nijue. Kukaa bila jibu kumenichosha kuliko kulala jikoni, Ronald, na leo nimelia, jambo ambalo mimi silifanyi hovyo.

Shangazi yako,
Mektrida

---

Dar es Salaam,
7 Juni 1992

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na baridi. Hapa sote wazima. Ofisini kuna mabadiliko kidogo, ya kawaida tu, wahisani wanataka serikali ibane matumizi. Yaani watu wanahesabiwa. Mimi nahesabu pamoja nao.

Swali lako ni la kitaalamu hasa. Watu wakiogopa na kuficha fedha, gurudumu husimama. Hapo mwenye mhuri hatakiwi naye kuogopa. Atengeneze kadi mpya, na asizigawe bure, azitumie kununua: anunue kazi, anunue mchanga, mawe, samadi, chochote ambacho watu wanacho na hakitoki. Kadi mpya zikiingia mikononi mwao watachangamka, watanunua, na gurudumu litazunguka tena. Wakubwa wa dunia wanaita huku ni kulegeza. Wanaobana ni waoga.

Nafunga karatasi ya kwanza hapa, naendelea kwenye ya pili.

Kwa kifupi: panua msingi, Shangazi. Usiogope. Msingi ukiwa mwembamba hakuna kitakachosimama juu yake. Nimelifikiria sana jambo hili na huu ndio uamuzi wangu. Ukikutana na wazee wenye mawazo ya zamani, waambie Ronald kasema.

Mengine tutaongea Desemba.

Mwanao,
Ronald

---

Kibosho,
9 Agosti 1992

Ronald mwanangu, baba yangu, mtoto wa kaka yangu Filemon,

Ubarikiwe. Sijui nianzie wapi. Nilipopata barua yako niliiweka kwenye kanga nikaenda nayo mpaka kikao cha ukoo, nikamwomba katekista Fabian asome karatasi ya pili. Ile ya kwanza niliiacha nyumbani, ilikuwa na mambo ya kiofisi. Akasoma kwa sauti: "Panua msingi, Shangazi. Usiogope. Huu ndio uamuzi wangu." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kijana ana roho pana, ameombwa chumba kimoja akatoa ruhusa ya kupanua. Hakuna aliyepinga.

Basi tumepanua. Ni vyumba viwili. Kama ulivyoagiza, nimetengeneza kadi mpya mia sita. Nimemaliza maboksi yote ya sabuni mpaka kwa masista. Nimenunua mawe ya mtoni, mchanga, matofali na miti ya kenchi. Aliyechimba msingi na kuupanga mawe ni Meku Ndelilio wa ng'ambo ya mfereji, mzee mwenye mgongo kama wa kijana. Siku arobaini, kadi mia mbili. Hajanywa hata moja. Anaziweka kwa ajili ya arusi ya binti yake Novemba, yaani mapipa mawili kamili.

Na kweli gurudumu linazunguka. Kornelia amenunua mbuzi kwa kadi. Watu wananisalimia kwa heshima kuliko wanavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe ananisalimia hivyohivyo.

Nakushukuru kwa jibu. Lilichelewa lakini limekuja na kilemba.

Shangazi yako mwenye nyumba,
Mektrida

---

Dar es Salaam,
27 Septemba 1992

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na homa, nikaisoma nimekaa, nikalala tena.

Ninalazimika kufafanua. Msingi niliousema si wa mawe. Ni istilahi. Wachumi tunaita msingi wa fedha, yaani jumla ya kadi zilizotoka mikononi mwako. Hakuna mahali nilipotaja nyumba, kiwanja wala mfereji. Hata hivyo sisemi kwamba nakataza. Wala sijasema kwamba naruhusu. Suala hilo liko mezani na litashughulikiwa kwa wakati wake.

Semina imeahirishwa. Barua zako zijazo usizitume kwa sanduku la ofisi, maana barua za watu binafsi zimekuwa zikipotea pale. Tumia sanduku la parokia yetu, hapo juu nimeandika namba. Nafanya kazi zaidi nikiwa nyumbani siku hizi. Violet ameanzisha mradi mdogo wa maandazi, kwa kujifurahisha.

Nakuomba sana usitengeneze kadi nyingine kabla hatujawasiliana.

Ronald

---

Kibosho,
22 Novemba 1992

Ronald baba,

Pole na homa. Naona umeniandikia kwa karatasi ya daftari la mtoto, ina hesabu za kujumlisha kwa nyuma, na mbili amekosa. Violet tangu nimjue hajawahi kujifurahisha na mafuta ya moto. Sikuulizi. Wewe una meza yako yenye mambo yanayosubiri, nami nina yangu.

Yangu ni haya. Ulezi wa mbege unatoka Kiboriloni, na mama wa Kiboriloni hapokei kadi. Anataka shilingi, na kila siku ya soko shilingi zilezile zinanunua debe lililopungua. Anasema ni mambo ya dola. Nilimwuliza dola inakula ulezi tangu lini, akacheka akapandisha tena. Kwa hiyo pipa limebaki lilelile moja, na kadi nje ni mia saba.

Kwanza nilibadilisha kata. Ile ya zamani ilipasuka, ndivyo nilivyowaambia, nikaleta ndogo ambayo mtu anaimaliza kwa pumzi moja. Walikunywa wakanyamaza. Kisha nikaongeza maji, hapo hawakunyamaza. Mwenye duka akaanza kutaka kadi mbili kwa chumvi ya moja, wiki iliyofuata nne. Halafu padre, Mungu amsamehe, akatangaza kanisani kwamba kuanzia Jumapili ijayo sadaka ya kadi haitapokelewa. Misa haikuwa imekwisha, watu wakaanza kutoka mmojammoja kama wanakwenda kukohoa. Nilipofika nyumbani nilikuta mstari toka mlangoni kwangu mpaka kwenye mfereji, kila mtu na kadi zake mkononi, wengine wamezifunga kwenye leso. Pipa liliisha kabla ya watu ishirini.

Arusi ya binti wa Ndelilio ilikuwa juzi. Wageni walitoka Marangu, Walutheri, na mchungaji wao hakuja, kwa hiyo walikuwa na kiu. Kadi mia mbili za mzee zilipata kata arobaini, zile ndogo. Wageni walikunywa chai saa nane mchana. Ndelilio alisimama kwenye kona ya ua wake, kofia mkononi, hakunitazama. Ningependa anitukane. Nimeona aibu ambayo sikuiona hata siku niliyofukuzwa Uru.

Na sasa, usiku nikihesabu, naona jambo ambalo hukuliandika kwenye karatasi yoyote. Aliyepata kadi mpya wa kwanza alizila zikiwa nzima. Aliyepata mwisho amepata boksi la sabuni. Na wa kwanza nilikuwa mimi. Mawe yangu yako pale, kuta zimefika dirishani, na wala sikumwibia mtu yeyote, niliwalipa wote. Je, chuoni wanakiitaje hicho?

Nijibu upesi.

Mektrida

---

Kibosho,
10 Januari 1993

Ronald,

Hukujibu. Krismasi hukuja. Watoto wa watu wote walipanda kutoka Dar, Arusha na Nairobi, na magari yamejaa soda. Kwako hapa nilichinja kuku nikamla na Kornelia. Tulisema labda kazi ni nyingi. Tulisema hivyo mara nyingi mpaka kuku akaisha.

Wazee walikaa tarehe pili. Wameamua kadi zote zichomwe, kadi tano kwa kata moja ya zamani, na nitapika kila wiki mpaka niwamalize. Watu wamekubali, kwa manung'uniko. Ndelilio amekataa. Alisema mbele ya wote, kwa Kichagga na baadaye kwa Kiswahili ili katekista aandike: "Mimi sikumpa pombe. Nilimpa siku arobaini. Anirudishie siku." Wazee wakamwambia siku hairudi. Akasema ya jembe inarudi, mtu aje alime kwangu siku arobaini. Nimwambie nini? Nina miaka sitini na tatu na goti unalolijua. Vibarua wanataka shilingi, nami nilizo nazo ni za ulezi.

Amenipa mpaka Pasaka. Isipolimwa, atakuja na mtaimbo achukue mawe aliyoyapanga, moja moja, kutoka chini. Yeye hatishii watu, anasema tu. Kenchi zimepanda lakini bati hakuna, na nimehamia chumba cha kwanza hivyohivyo, nimefunika kwa migomba. Nalala kifudifudi nisikie kama kuna mtu anagonga msingi.

Sikuombi kipande tena. Nakuomba uandike kwamba u mzima.

Mektrida

---

Dar es Salaam,
14 Februari 1993

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Waliponihesabu nilizidi. Ilikuwa Agosti, wiki ileile uliyoniandikia kunishukuru. Walinipa barua, mkono, na kiinua mgongo ambacho Agosti kingenunua pikipiki. Nilikiweka benki kwa sababu nilijua sheria za fedha. Mpaka Desemba kilikuwa kinanunua baiskeli. Kilichobaki sasa sikitaji.

Kwa nini sikukujibu habari ya kipande? Tangu mwaka 1990 tulikuwa tunasikia kwamba orodha inaandikwa. Nikasema moyoni, ikitokea, kile kihamba ndicho kitu pekee nilichonacho, nisikimege. Na kukuambia sababu kungekuwa kukiri kwamba naogopa, mimi ninayefundisha watu wasiogope. Nikaona afadhali niandike uchumi. Nimekukosea, Shangazi. Nilikuacha ukingoja neno moja miaka miwili wakati nilikuwa nalo mdomoni.

Mwenye nyumba ametupa notisi hadi mwisho wa Machi. Violet na watoto watakwenda kwao Tanga kwa muda. Mimi ninauza soksi Kariakoo, na Desemba mtu wa Kibosho alinunua jozi mbili akajifanya hanijui, nikamshukuru kimoyomoyo.

Nyumba ya baba umesema inavuja. Kwa hiyo naomba, kama inawezekana, na ukisema hapana nitakuelewa, chumba cha pili. Kwa muda tu. Bora nijue.

Ronald

---

Kibosho,
27 Februari 1993

Ronald baba,

Marahaba, karibu nyumbani.

Mambo ya Dar nilikwisha kuyajua toka Desemba. Yule mnunuzi wa soksi ni mdogo wake Kornelia, na soksi zenyewe moja ina tundu. Sikukuandikia kwa sababu mtu akificha kidonda humfunui mbele ya wageni. Kwamba uliogopa, hilo nimelipenda kuliko semina zako zote. Baba yako naye aliogopa, tena aliogopa kila kitu, na hakuna mwaka kihamba hiki kilikosa chakula.

Chumba cha pili ni chako. Kitanda nitakopa kwa katekista. Usije na hicho usichokitaja mfukoni. Leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma, nenda ukanunue bati, hata kama ni tatu, upande nazo basi. Bati la Machi ni bati mpaka Desemba. Violet mwambie Tanga ni mbali na watoto wana shule hapa, tutabanana.

Nimekwenda kwa Ndelilio asubuhi hii na barua yako kwenye kanga. Safari hii nilisoma mwenyewe, karatasi zote, na sikuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mikono yako bado inashika jembe. Nikamjibu itajifunza. Amekubali, hata Pasaka ikipita ukiwa bado unalima. Unaanza Jumatatu ya nne ya Machi, saa kumi na mbili asubuhi, siku arobaini, na chakula cha mchana anatoa yeye. Anasema atakuonyesha kila jiwe alilopanga upande ule wa mfereji, ili ujue unalipa nini.

Mimi nilingoja neno lako tangu Krismasi ile, na ninajua mtu anavyoliwa na kungoja. Barua yako imefika leo saa nne. Nimeandika hii nimesimama, Kornelia yuko mlangoni anakwenda mjini na ataipeleka posta. Njoo.

Shangazi yako,
Mektrida